Simu ya kwenye gunia la mpunga

Leo kona hii ina ujumbe wa mama mmoja wa huku huku kwetu Runzewe, upande wa barabara iendayo Bwanga, na nimemuahidi kumjibu hapa kwa kuwa najua hayuko peke yake. Nimeufupisha na kuondoa yanayoweza kumtambulisha.

"Dada, nilikuwa nachota mpunga niupeleke mashineni, mkono ukagonga kitu kigumu. Ni simu, tena simu janja, imeviringishwa kwenye soksi ya shule. Ni ya binti yangu wa kidato cha pili. Baba yake yuko machimboni, akirudi akaambiwa, simu itavunjwa na mtoto atachapwa. Niivunje mimi kabla hajarudi, au nijifanye sijaiona niirudishe kwenye gunia?"

Mdogo wangu, usiivunje. Na kwenye gunia usiirudishe. Ukiivunja utakuwa umemaliza simu tu. Yaliyokuwa yakiendelea ndani ya simu yataendelea kwenye simu nyingine, ya shoga yake au ya kuazima, na safari hiyo hutaikuta kwenye mpunga.

Kabla hujasema naye neno, jiulize kitu ambacho wazazi wengi kinatupita: laini iliyomo humo ni ya nani? Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilianza kuzimwa. Namba ya NIDA anapewa aliyefikisha miaka 18. Binti yako hana. Kwa hiyo nyuma ya laini ile yupo mtu mzima, na kidole chake ndicho kilichobonyezwa kwenye kile kimashine cha wakala. Anaweza kuwa shangazi yake. Anaweza kuwa dada wa jirani aliyemsajilia kwa kumhurumia. Anaweza kuwa mwanaume. Kumjua si kazi kubwa. Ukishaipata namba, chukua simu yako, ingia kwenye kutuma pesa, weka namba hiyo, andika kiasi chochote. Kama laini ina akaunti ya pesa, kabla hujaweka namba ya siri jina la mwenyewe litatokea kwenye kioo. Lisome vizuri, kisha ghairi. Sisi mawakala wa pesa tunaishi kwa kusoma jina hilo, nawe leo litakufaa.

Ukikuta jina la mwanaume usiyemfahamu, usimpigie ukamtukana, maana atafuta kila kitu na kubadili laini kabla ugali haujaiva. Mji wetu mnaujua. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanalala hapa, wachimbaji wanashuka hapa na hela ya mgawo mfukoni, na wa kumzawadia mwanafunzi simu hakosekani. Sisemi wote ni wabaya, wateja wangu wengi ni hao hao na wengine ni baba zetu. Nasema jina la mtu mzima kwenye laini ya mtoto ni jambo la kufuatilia kwa utulivu. Ukiona ujumbe wa mapenzi, au picha ambazo mtoto ameombwa apige, usizifute wala usimrushie dada yako kwenye WhatsApp ili naye ashangae. Kusambaza picha kama hizo za mtoto ni kosa hata kwa mzazi mwenye nia njema. Peleka simu kama ilivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Na huyo mwanaume aliyetoa simu ajue kwamba tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela.

Lakini usimwendee mtoto ukiwa na polisi kichwani. Inawezekana kabisa simu ile ameinunua kwa hela ya vibarua vya kuvuna, kwa kuwa darasa zima lina kundi la WhatsApp la mitihani ya nyuma na yeye alikuwa anahadithiwa tu. Inawezekana ni ya rafiki yake ambaye kwao kuna moto zaidi kuliko kwenu. Hujui. Kwa hiyo jioni, wadogo zake wakiwa nje, mwambie hivi: "Nimeiona simu. Sijaivunja, na leo sitaivunja. Nataka unieleze." Halafu nyamaza. Hapo ndipo akina mama tunaposhindwa. Tunauliza swali, tunalijibu wenyewe, tunatoa hukumu, mtoto hajafungua mdomo. Chambua maharage, osha vyombo, fanya lolote, ila acha ukimya umkalie mpaka aseme mwenyewe.

Nina sababu ya kusisitiza hilo. Wengi mnanijua, nina kibanda karibu na stendi: uwakala wa pesa, stesheneri, kuomba vyuo na mikopo ya HESLB mtandaoni, kuangalia matokeo, kuchapa barua. Kila wiki anakuja binti au kijana, anazunguka zunguka mpaka wateja waishe, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini: "Dada, picha ukishamtumia mtu, kuna namna ya kuifuta kwake?" Au: "Dada, mtu akikwambia atakuweka kwenye grupu, anaweza kweli?" Jamani, mimi ni nani kwao? Muuza vocha. Mama yupo nyumbani, baba yupo, lakini tatizo linaletwa kwa muuza vocha. Nikiwauliza kwa nini hawakusema nyumbani, jibu linafanana kwa wote: "Wataninyang'anya simu."

Si Runzewe peke yake. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu watoto wa Tanzania mtandaoni. Ulikuta asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na katika hao asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 4 inasikika kidogo. Ukiipigia hesabu ya nchi nzima, waliikadiria kuwa watoto kama 200,000. Nami najiuliza: wangapi kati yao walimwambia mama? Tumewawekea bei ya kusema. Anayenyamaza anabaki na simu, anayesema anaipoteza. Hata mimi ningekuwa na miaka 15 ningenyamaza.

Wazee wetu walilielewa hili kabla ya simu. Ulinzi wa sungusungu ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Kahama, na wilaya yetu ya Bukombe wakati huo ikiwa humo humo ndani ya Kahama, ng'ombe waliokuwa wanaibwa walianza kurudi kwa sababu aliyemwona mwizi alipiga filimbi hapo hapo. Hakuulizwa kwanza ulikuwa unafanya nini porini saa hizo. Hakuchapwa kwa sababu zizi lake lilikuwa wazi. Kijiji kilitoka na mishale, maswali mengine yakangoja asubuhi. Sasa mtoto anapuliza filimbi yake ndogo, "mama, kuna mtu ananisumbua," nasi tunamrukia yeye na kumwacha mwizi aondoke na ng'ombe.

Kwa hiyo kwangu sheria iko moja, nimeitangaza mbele ya watoto na baba yao akiwepo: anayeleta tatizo la simu mwenyewe, simu yake haiguswi. Tutazungumza, tutamfungia anayemsumbua, tutabadilisha mipangilio, pengine nitapandisha sauti, mimi si malaika. Lakini simu haiguswi. Atakayenyang'anywa ni yule ambaye tatizo lake nimelikuta mwenyewe baada ya yeye kulificha. Watoto ni wanasheria, wanashika sheria hiyo kuliko mimi.

Sasa tuje upande ambao hamtaupenda. Mtoto anajifunzia wapi kuficha simu?

Juzi kaja mtoto wa darasa la nne kibandani, sare zimejaa vumbi, ameshika simu ya mama yake kwa mikono miwili. Foleni ilikuwepo: dereva bodaboda, vijana wawili wa karashani bado na matope kwenye mabuti, mama wa vitenge. Mtoto kafika dirishani akasema kwa sauti ya kusoma shairi mbele ya mgeni rasmi: "Shikamoo, mama amesema utoe elfu thelathini, namba ya siri ni..." na tarakimu zote nne hizo hapo, hadharani. Nilimkatisha lakini nilikuwa nimechelewa, kijana mmoja wa karashani alikwishaanza kucheka. Mtoto hana kosa, katumwa. Mama naye pengine hajui kusoma menyu, au ana kichanga mgongoni na chungu jikoni. Namuelewa. Lakini jioni hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo, baba anakula simu ikiwa imelazwa kifudifudi pembeni ya sahani, ina alama ya kidole na mchoro juu yake, na ikiita anatoka nje kupokea.

Ona tulivyogeuza mambo. Namba ya siri ya pesa, ambayo haipaswi kujulikana na yeyote, inajulikana na mtoto, mpangaji na wakala. Tunaongea na nani, tunadaiwa na nani, tumeweka shilingi ngapi kwenye mkeka wa kubeti wa Jumamosi, mambo ambayo nyumba ingepaswa kuyajua, hayo ndiyo tunayoyafungia kwa kidole. Mtoto anakaa katikati anatazama. Akifika kidato cha pili naye anatafuta gunia lake.

Kuhusu namba ya siri ni jambo la kuanza nalo leo, halihitaji kikao. Badilisha. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, mji mzima unaujua. Usimtume mtoto na simu na namba ya siri pamoja. Mtumie unayemlipa pesa kwa namba yake, au nenda mwenyewe kesho. Kama kusoma menyu ni shida, kaa na mwanao, akufundishe hatua kwa hatua mpaka kidole kizoee, ila namba ya siri ubonyeze wewe, yeye akitazama pembeni. Nina bibi mteja wangu asiyejua kusoma jina lake, lakini huo mpangilio wa kubonyeza anaujua kuliko vijana, na akishabonyeza anakumbatia simu kifuani mpaka muamala ukamilike.

Na mjifunze nyote kuangalia salio, si kuangalia meseji. Meseji ya pesa ya kweli inakuja kwa jina la huduma yenyewe. Ya tapeli inakuja kutoka namba ya kawaida, ina herufi kubwa mahali pasipo pake, na salio lako haligeuki hata shilingi. Halafu baada ya dakika moja anapiga: "Mama samahani, nimekosea kutuma, nirudishie, mgonjwa yuko hospitali." Usirudishe kitu kwa mkono wako. Hata kama kweli pesa imeingia, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, wao wanajua kurudisha muamala. Ile meseji ya zamani ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" bado inazunguka, na kila mwezi wa ada inampata mtu. Ukiipokea, itume kwenda 15040, watakuuliza namba ya tapeli, waandikie, haikugharimu kitu. Na mara moja moja piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, usiicheke. Tapeli akikamatwa nayo, jina litakalosomwa ni lako.

Mikopo ya kwenye simu inanitia hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha. Mnakijua kile kimtindo: programu inakuahidi elfu ishirini ndani ya dakika tano, bila dhamana. Kabla ya kukupa inaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu yako, nawe unabonyeza "kubali" kwa kuwa unga umeisha. Siku ukichelewa, meseji zinaenda kwa mchungaji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mama mkwe, kwa bosi: fulani ni mwizi, mwambieni alipe. Hiyo ndiyo dhamana uliyoweka, heshima yako, ulikuwa hujaambiwa tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni wala idhini yake. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na Tume yake, kwa hiyo kumtangaza mdaiwa kwa watu wasiohusika kuna mahali pa kulalamikiwa. Lakini kinga ya kwanza iko kwenye kidole chako: mkopeshaji anayetaka majina ya watu wako wote kabla hajakupa senti, mkatalie, ufute na programu yenyewe. Kausha damu wa mtaani angalau unajua nyumba yake.

Kina dada wengi waliokwama humo wananiambia mume hajui. Mume naye, kwa taarifa yako, yuko kwangu dirishani anaweka hela ya kubeti, mchezo wa ndege na mikeka, mke hajui. Mnalala kitanda kimoja, kila mtu na deni lake chini ya mto. Siwezi kuwataja, uwakala una siri zake kama uuguzi. Ninachoweza ni kuwashauri mkae siku moja mwisho wa mwezi mfungue miamala yenu wote wawili, yote, hata ile ya aibu. Mtagombana, ni kawaida. Na vijana wenu wa chini ya miaka 18 kubeti kwa laini ya kaka ni kinyume cha sheria ya michezo ya kubahatisha, sawa tu na wale wanaozunguka mashine za dubwi na sarafu za chai ya shule. Ila ukimkanya huku mkeka wako uko mfukoni, atakusikiliza kwa adabu na hatakuelewa.

Nisije nikaonekana mchawi wa simu. Mimi ndiye niliyewafundisha nusu ya mtaa kutumia WhatsApp, na simu janja nimeanza kuitumia wakati watu wananiuliza kama inapika. Kuna mambo simu inayafanya hapa kwetu ambayo mama zetu wangeyalilia. Chukua akina mama wanaoponda mawe na kununua mabaki machimboni. Zamani mnunuzi alitaja bei ya gramu, wewe ukakubali au ukarudi nayo nyumbani. Leo bei ya dunia iko kwenye simu, inatajwa kwa dola kwa aunsi, na aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawanya bei kwa 31.1, zidisha kwa bei ya dola siku hiyo, kisha zidisha kwa usafi wa dhahabu yako, kama ni asilimia 85 basi kwa 0.85. Toa mrabaha na ada za serikali. Hapo unajua mnunuzi anayekutajia nusu ya hesabu hiyo anakuonaje. Tume ya Madini nayo hutoa bei elekezi, na tangu Machi 2019 Geita ina soko la madini ambalo unaweza kuulizia. Hesabu hii mpe mtoto wa kidato cha pili aifanye kwenye simu hiyo hiyo mnayogombania, mezani, baba akitazama. Nimeona nyumba ambazo mtoto alipewa kazi hiyo, akaacha kuficha simu kwa kuwa simu imekuwa na shughuli ya ukoo.

Hapa kwangu simu zote zinachajiwa sebuleni usiku, kwenye soketi moja ya ukutani pembeni ya friji. Zote, ya kwangu na ya baba watoto. Yeye alipinga sana, akasema kazini wanaweza kumpigia. Nikamwambia sebule iko hatua chache kutoka kitandani, na simu yake ina sauti ya kuamsha kata yetu nzima ya Uyovu. Amezoea. Usingizi wa watoto umerudi, na wa kwake pia, ingawa hataki kukiri.

Nikiwa kwenye kuchaji: wenye wanaume machimboni, waambieni wafunge simu zao kabla ya kuziacha kwenye vibanda vya sola. Mnajua zinavyolala pale kwenye ubao, zimepangwa mistari, kila moja na kikaratasi cha jina kimefungwa kwa mpira. Simu isiyo na kufuli inashinda pale ikisomwa na kila mwenye nafasi. Meseji yako ya "nimeuza mbuzi, hela ipo" inasomwa na watu usiowajua. Na kwenye WhatsApp wafungue Mipangilio, kisha Akaunti, waweke uthibitishaji wa hatua mbili. Yeyote atakayekuomba "tarakimu sita zilizoingia kwako kwa bahati mbaya" anataka kuihamisha WhatsApp yako, kisha awaombe ndugu zako hela kwa jina lako. Hata kama ni rafiki yako anayekuomba. Hasa kama ni rafiki yako, kwa sababu maana yake yeye ameshaibiwa.

Bando nalo linaliwa na magrupu. Harusi, msiba, kikoba, wazazi wa darasa la tatu, kila mmoja anarusha video ya mahubiri asubuhi. Ingia sehemu ya Hifadhi na data, zima upakuaji wa kiotomatiki wa video. Hutanishukuru leo, utanishukuru mwisho wa wiki.

Kuna aliyeniuliza kuhusu watoto kuandikiwa kazi za nyumbani na akili mnemba kama ChatGPT. Wangu alileta insha ya "Siku ya soko", ndani yake wauzaji wanawakaribisha wateja kwa tabasamu changamfu na harufu ya mikate mipya imetanda hewani. Mikate mipya, Runzewe! Dagaa hawakutajwa, wala mchele, wala spika ya muuza dawa ya mende. Sikumgombeza. Nilimpa daftari nikamtuma sokoni kweli, akae karibu na wauza dagaa mpaka apate ukurasa mmoja. Alirudi na ukurasa na nusu na harufu yake. Mwalimu alimpa alama nzuri, tena aliandika pembeni kwamba amecheka.

Kijana wa machimbo aliyetaka kujua kama ni kweli simu zina dhahabu: ndiyo, mdogo wangu, zinayo, kwenye viunganishi vya ndani, kidogo mno. Wajapani walipoandaa medali za Olimpiki ya Tokyo walikusanya karibu tani 79,000 za vifaa vidogo vya umeme, zikiwemo simu kama milioni 6.2, wakapata kilo 32 tu za dhahabu, tena kwenye viwanda maalumu. Wewe na jiko la mkaa nyuma ya nyumba utapata moshi wa plastiki kwenye mapafu, na betri inaweza kukulipukia usoni. Rudi kwenye duara lako.

Wa mwisho ni binti anayefanya kazi Mwanza, mama yake yuko peke yake Masumbwe, anauliza amnunulie simu ya aina gani, maana wenzake wanamcheka kwamba mama yake hana simu janja. Waache wacheke. Mnunulie kitochi chenye vitufe vikubwa na redio, chaji yake inakaa siku kadhaa na tochi yake inamfikisha chooni usiku. Muandikie kwenye karatasi ngumu majina ya watoto wake kwa mpangilio wa vitufe: kitufe cha mbili ni wewe, cha tatu ni kaka, cha nne ni jirani, karatasi ibandikwe ukutani karibu na kitanda. Namba yake ya siri aijue yeye tu, hata wewe usiijue. Na umwambie kwa utaratibu, umrudie mara nyingi bila kuchoka, kwamba yeyote atakayempigia kuhusu pesa, awe anajiita mtu wa mtandao, wa benki, wa hospitali au wewe mwenyewe kwa namba ngeni, akate, abonyeze mbili, akuulize kwanza. Atakupigia ukiwa kazini, atakupigia ukiwa kwenye daladala, mengine yatakuwa ya kuku. Pokea.